Vitabu vya falsafa: mtumba sawa, feki hapana

Kijana wa Machakos anayependa falsafa hana haja ya kuanzia Ugiriki. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba, kisha mwaka 1969 akachapisha African Religions and Philosophy. Alidai kwamba wazee wetu waliupima wakati kwa matukio, Sasa na Zamani, na kwamba mustakabali wa mbali haukuwashughulisha sana. Dai hilo linapingwa hadi leo. Lakini utalipingaje kama kitabu hujakishika? Maduka mengi mjini yamejaa vitabu vya kiada na vya marudio ya mitihani.

Basi makomredi hupanda matatu hadi Nairobi, kwa wale wauzaji wa "inama", vitabu vimetandazwa chini nawe unainama kuchagua. Si aibu. Falsafa haichachi kama maziwa. Kitabu cha kompyuta cha 1990 hakikusaidii kitu, ilhali Plato ana zaidi ya miaka 2,300 na bado anasumbua watu. Hakikisha tu kurasa zimetimia na uangalie aliyetafsiri ni nani. Kwa Mbiti, uliza ni toleo lipi, maana alikirekebisha na kukiongezea mwaka 1990. Ukikuta muhuri wa maktaba usio na alama kwamba kitabu kiliondolewa rasmi, kirudishe chini. Huenda kuna mwanafunzi anayekitafuta rafuni.

Tatizo ni feki. Jalada linang'aa, ndani herufi zimefifia, kurasa zimepinda, na bei ni ya kutupa. Wengi huita hiyo mtumba. Wapi! Mtumba ulishalipiwa ulipokuwa mpya, mwandishi akapata chake. Feki haijampa hata senti, na mchapishaji aliyepata hasara hatakimbilia kuchapisha mwanafalsafa mwingine wa Kenya, kitabu ambacho tangu mwanzo wanunuzi wake ni wachache.

Hata hivyo, kuwahubiria vijana pekee ni unafiki. Sheria ya VAT ya 2013 iliingiza vitabu kwenye kodi ya asilimia 16. Kitabu cha Sh1,000 kinageuka Sh1,160, na hapo hujahesabu nauli ya kwenda na kurudi. Anayeuza feki halipi kodi hiyo. Yaani serikali inamwongezea mzigo muuzaji halali, halafu inashangaa wezi wakishamiri. Bunge liwaondolee wasomaji kodi hiyo.

Wakati tukisubiri, changeni. Wanafunzi watano wa Chuo Kikuu cha Machakos wanaweza kununua nakala moja mpya ya Sage Philosophy ya Henry Odera Oruka, aliyewahoji wazee wenye hekima mmoja mmoja, kisha wakazungushiana. Mkiagize kupitia duka la hapa hapa mjini. Mwenye duka haweki rafuni kitabu ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia.