Tusikate Mpeasi Kabla ya Kuchukua Vijiti

Wenzangu wa Molo, Elburgon, Njoro, Kuresoi na Bahati,

Shamba likigawanywa siku hizi, mti wa matunda ulio mpakani ndio huanguka kwanza. Mipeasi mizee iliyo nyuma ya nyumba za shosho na kogo inageuka kuni, kisha tunashuka Nakuru kununua peasi lililotoka Afrika Kusini kwa meli. Wenzetu wa Lushoto, Tanzania, huuza mapeasi yao hadi Dar es Salaam, na baridi yao haifikii ya Molo.

Naomba tukubaliane jambo moja: mtu asikate mpeasi kabla majirani hawajachukua vijiti vya kupandikiza.

Mbegu ya peasi haitoi peasi la mama yake. Panda kumi, utapata miti kumi tofauti, mingi ikiwa na matunda madogo, makavu, yenye chembechembe kama mchanga. Kwa hiyo mti uliozoea kuishi karibu mita 2,500 juu ya bahari na bado unazaa, ukikatwa umekwisha. Kijiti chake kikiungwa kwenye mche mwingine, ni mti uleule unaoendelea.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Chagua kijiti kilichokua msimu uliopita, unene wa penseli, macho yake yakiwa bado yamelala kabla ya masika. Kichonge pande mbili kama kabari, kata mche, upasue katikati, ukitie. Ngozi ya kijani iliyo chini ya gome lazima iguse ya mche, hata kama ni upande mmoja tu. Wengi huharibu hapo: wanakiweka katikati kwa sababu kinapendeza, nacho kinakauka. Kama ni chembamba kuliko mche, kisogeze ukingoni. Funga kwa mpira wa tyubu, ziba kwa nta.

Mche wa kuungia uoteshwe kwa mbegu za peasi. Ulaya hupenda kuungia kwenye kwinsi, jamaa ya peasi, maana mti hubaki mfupi na kuzaa mapema, ingawa aina kama Williams haishikani nayo vizuri. Lakini kwa kutamani aina za huko, asije mtu akaficha vijiti kwenye mkoba kutoka ng'ambo bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea. Kuna ugonjwa wa bakteria unaoacha matawi ya mpeasi kama yamepitiwa na moto, nao husafiri ndani ya vijiti.

Mbona nawaita wote? Kwa sababu mpeasi ulio peke yake huzaa kidogo. Unahitaji chavua ya aina nyingine inayochanua wakati mmoja nao, na nyuki hana habari na seng'enge. Nyanda hizi zimeona majirani wakifukuzana, 1992 na tena mwanzoni mwa 2008. Sidai peasi litaponya hayo. Nasema tu kwamba mti wako utazaa vizuri jirani akiwa na wake, awe wa kabila lako au asiwe.

Basi kila wadi ichague Jumamosi moja ya Februari, kupitia chama, kanisa au baraza la chifu. Klabu za 4K shuleni zianze kuotesha mbegu sasa. Afisa wa kilimo aalikwe, ila tusimngoje. Njoo na kisu kikali, tyubu kuukuu, na vijiti vyako vikiwa ndani ya gazeti lenye unyevu, kila fungu limeandikwa limetoka boma gani.