Vigari vya Waya Visitupwe Jaani

Huko Ulaya wako watu wazima, wenye akili timamu, wanaokusanya vigari vilivyoigizwa kwa kipimo cha 1 kwa 43, yaani gari la sentimita 430 huwa la sentimita 10. Miongoni mwavyo ni Volvo PV544 aliyoshindia Joginder Singh mbio za Safari mwaka 1965, na Datsun 240Z ya Edgar Herrmann ya 1971. Mbio hizo ni zetu. Vigari ni vyao.

Je, watoto wa Likoni, Kisauni na Changamwe? Wao hukunja waya, hukata makopo, wakachonga magurudumu kwa kandambili kuukuu. Wako walimu wanaouita ufundi huo utundu, wakavinyang'anya vigari na kuvitupa jaani. Sioni busara yake. Mtoto aliyelinganisha ekseli mbili hata kigari kikaenda sawa amekwisha kufanya hesabu ya uwiano, ijapokuwa jina lake halijui. Nao Mtaala wa Umilisi, ulioanza mwaka 2019, huwatuma wazazi madukani kutafuta vifaa, ilhali vingine vimelala mitaani bure!

Kila shule itenge rafu, na chini ya kila kigari paandikwe jina la fundi, aina ya gari na kipimo. Ubao mmoja na misumari minane vyatosha kuanzia.