Doa la Manjano na Ushahidi Wake



Mwezi huu twataka kueleza jambo dogo la nyumbani lililotuingiza katika dhana mbaya. Kanzu yetu nyeupe ya Ijumaa ilimwagikiwa mchuzi, nasi tukaipeleka kwa dobi. Tulipopita kwake tukaikuta katika povu la sabuni, na penye doa la manjano pamekuwa pekundu mithili ya damu. Tukamkemea mbele za watu kwamba ametuharibia nguo. Yeye hakujibu neno. Aliisuuza, akalikamulia doa ndimu, nalo likarudi kuwa la manjano kama lilivyokuwa. Haya ikawa yetu, ikatupasa kumtaka radhi mbele ya wale wale waliosikia.

Sababu yake ni hii. Ndimu, siki na ukwaju vina tindikali. Kinyume cha tindikali ni besi, na besi ziyeyukazo katika maji huitwa alkali, jina litokalo katika Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea. Tindikali na besi zikikutana kwa kadiri ilinganayo, huvunjana nguvu, zikazaa chumvi na maji.

Kitu kibadilishacho rangi kwa kukutana na tindikali au besi huitwa kiashiria. Robert Boyle wa Uingereza alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664 kwamba sharubati ya maua ya urujuani huwa nyekundu kwa tindikali na kijani kwa alkali. Manjano ya jikoni nayo ni kiashiria.

Vijana na wajaribu. Korogeni manjano katika maji ya vuguvugu, mpake karatasi nyeupe, kisha muianike kivulini. Tone la maji ya magadi litaifanya nyekundu. Juu ya wekundu huo tieni ndimu, umanjano utarejea. Maji ya chumvi ya mezani hayataigeuza karatasi ya manjano.

Lakini angalieni: ndimu nayo haiigeuzi karatasi ya manjano. Basi aonaye umanjano asiseme, "Hii ni chumvi." Na ajaribu pia karatasi iliyokwisha kuwa nyekundu, ikirudi manjano, ni tindikali. Isipogeuka hii wala ile, huenda ikawa maji ya chumvi, huenda ikawa maji matupu. Tena magadi yenyewe, kwa hesabu ya wanakemia, ni chumvi, nayo huigeuza karatasi. Shahidi huyu ni mkweli, ila hushuhudia lile aliloliona tu, tusimtwike zaidi.

Na ulimi usifanywe kiashiria kamwe. Tindikali ya betri na magadi makali ya kutengenezea sabuni huunguza kinywa na koo. Wazazi wasiyatie katika chupa za soda, kwani mtoto huijua chupa, haijui hatari iliyomo. Yakimrukia mtu mwilini, aoshwe mara moja kwa maji mengi yatiririkayo, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe ndimu wala magadi kwa kudhani vitavunjana nguvu.

Kanzu yetu ingali na alama hafifu ya manjano. Hatukuitaka itoke yote, maana kila tuionapo twamkumbuka yule dobi, nasi huuzuia ulimi wetu.