Dakar: jeep inayotuhusu sisi wa Uvira na Rurambo si ile inayoshinda

Kila mwezi wa kwanza ukifika, video za mashindano ya Dakar huanza kuzunguka kwenye simu za vijana wa Uvira. Kwenye maegesho ya wanamotari, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, ubishi ni uleule: gari gani ni kali kuliko yote? Wengi hujibu haraka kwamba ni Hilux, kwa sababu Nasser Al-Attiyah wa Qatar alishinda nayo mwaka 2019, 2022 na 2023, kisha Yazeed Al-Rajhi wa Saudi Arabia akashinda nayo mwaka 2025. Halafu wanaongeza kuwa ni Hilux hiyohiyo ambayo jirani yetu anapakia ndagala kuzipeleka sokoni.

Hapo ndipo siwafuati. Hilux ya Dakar ina jina la Hilux na sura ya Hilux, basi. Chini ya bodi kuna fremu ya mabomba ya chuma iliyochomelewa kwa ajili ya mashindano tu, na mashine imesogezwa nyuma ili uzito ukae katikati ya gari. Huwezi kuingia dukani, hata ukiwa na dola mfukoni, ukaomba gari hilo. Ni gari la mbio lililovalishwa nguo za gari la kazi.

Lakini katika mashindano hayohayo kuna darasa lingine ambalo kamera hazilifuati sana. Kwa muda mrefu liliitwa T2, siku hizi linaitwa Stock. Ni darasa la magari yanayotoka kiwandani na kuuzwa kwa watu. Kanuni zinataka fremu, mashine na bodi vibaki vile kiwanda kilivyovitoa. Ruhusa ipo ya kuongeza vyuma vya kumlinda dereva gari likipinduka, viti na mikanda ya mashindano, tangi kubwa la mafuta, na kuimarisha shokabso. Magari haya hufika jioni, mengine usiku, saa nyingi nyuma ya wale wakubwa. Mimi naona kama kuna darasa moja la Dakar ambalo mtu wa Uvira anapaswa kulifuata kwa makini, ni hili, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, mashindano yenyewe yalianza hivyo. Thierry Sabine, Mfaransa, alipotea na pikipiki yake katika jangwa mwaka 1977 akiwa katika mbio za Abidjan kwenda Nice. Alipookolewa akapata wazo la kuwaleta wengine jangwani. Tarehe 26 Desemba 1978, magari na pikipiki 182 viliondoka Paris kuelekea Dakar, na 74 tu vilifika. Wengi walikuwa watu wa kawaida na magari ya kawaida. Ndugu wawili wa familia ya Marreau walikuja na Renault 4, kigari ambacho wazee wetu wanakikumbuka vizuri. Mwaka 1980 walimaliza wa tatu! Baadaye viwanda vikaingia na pesa zao, na kufikia mwaka 1984 aliyeshinda alikuwa na Porsche. Tangu hapo gari la dukani likasukumwa nyuma kwenye darasa lake.

Sisi hapa Dakar haikutupitia. Ilipokaribia zaidi ni mwaka 1992, mbio zilipotoka Paris kwenda Cape Town na kukatisha Kongo-Brazzaville na Angola. Baada ya watalii wanne Wafaransa kuuawa Mauritania mwezi wa Desemba 2007, mashindano ya 2008 yalifutwa, yakahamia Amerika Kusini mwaka 2009, na tangu 2020 yako Saudi Arabia. Kwa hiyo jina ni la mji wa Senegal lakini vumbi ni la Uarabuni. Sisikitiki kwamba yaliondoka Afrika. Magari yaliyopita kwa kasi ndani ya vijiji yaliua watu, watoto wakiwemo, watu ambao hawakuwa wameomba mashindano yoyote. Wale wanaoota rally ya kuzunguka ziwa letu wafikirie jambo hilo kwanza.

Jirani zetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa na wazo la gari la dukani hata kabla ya Sabine. Mwaka 1953 ilianzishwa Safari ya Afrika Mashariki, na magari yaligawanywa kwa madarasa kulingana na bei yake, si ukubwa wa mashine. Mnunuzi alitaka kujua: kwa pesa niliyo nayo, gari gani litanifikisha? Kwa miaka mingi Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya mvua. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na mwaka 1968 yakawa saba tena. Miaka yote miwili walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na walikuwa ndani ya Peugeot 404. Mzee yeyote wa Bukavu au Bujumbura atakueleza 404 ni gari gani bila kuhitaji picha.

Sasa turudi kwa Land Cruiser, maana huku kwetu jeep na Land Cruiser ni karibu neno moja. Timu ya Toyota Auto Body, kampuni inayounda Land Cruiser huko Japani, imekuwa Dakar tangu miaka ya 1990. Mwaka 2023, wakiwa na Land Cruiser 300, walishinda darasa la magari ya kiwanda kwa mara ya kumi mfululizo. Kilichonivutia zaidi si ushindi. Ni kwamba timu hiyo huchukua mafundi kutoka magaraji ya wauzaji wa Toyota wa kila siku, watu ambao mwaka mzima wanabadilisha mafuta ya mashine na breki za wateja, na kuwapeleka jangwani. Usiku, dereva amelala kwenye hema, wao wako chini ya gari wakifungua na kufunga. Kwangu mimi wao ndio nusu ya ushindi, pengine zaidi.

Nayasema haya kwa sababu ya Rurambo. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za juu zilizo nyuma ya Uvira zinapita mita 2,000. Kati ya hapo na pale hakuna barabara unayoweza kuiita barabara bila kuona haya. Kuna njia zinazopanda kutoka uwanda wa Ruzizi, nyembamba, zenye mawe wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, na mahali pengi gari halifiki kabisa. Maharagwe hushuka kwa mgongo. Mgonjwa hushuka kwa kipoyi, vijana wanne wakipokezana, na mama mwenye uchungu wa uzazi anahesabu vilima kabla ya kuona taa za bonde. Vita vya miaka hii vimewafukuza wakaaji wengi, na waliobaki au kurudi wanapita njia hizohizo.

Katika hali hiyo jibu la wakubwa wetu, na la mashirika mengi yanayokuja kutusaidia, ni nini? Jeep. Barabara mbaya? Leteni jeep yenye nguvu. Barabara imekuwa mbaya zaidi? Leteni jeep mpya. Kuna kampuni nzima, Toyota Gibraltar Stockholdings, ambayo kazi yake ni kuuzia mashirika ya misaada duniani magari ya aina hii. Siwalaumu, wanauza kinachohitajika. Nalaumu fikra iliyoota mizizi kwetu kwamba uimara wa gari ni badala ya barabara. Gari lililoundwa kuvumilia jangwa limegeuka kuwa kisingizio cha kutolima mtaro hata mmoja. Anayepanda jeep hiyo ni ofisa mmoja na mgeni wake. Muuza maziwa na mama wa kipoyi hawamo ndani.

Anayefuata darasa la Stock kwa makini hawezi kudanganyika hivyo. Ukitazama vizuri, unaona kwamba gari la kiwanda halifiki Dakar kwa nguvu zake peke yake. Kila siku linakaguliwa. Kuna spea, kuna lori la mafundi, kuna kitabu cha njia kinachomweleza dereva kila shimo hatari na kila korongo. Mahali penye watu kuna kikomo cha kasi, na anayekipita anaadhibiwa. Kuna chombo cha satelaiti ndani ya gari, na likipinduka helikopta inajua pa kwenda. Wanashindana katika njia ya karibu kilomita 8,000 kwa wiki mbili, na bado wanaogopa. Huku kwetu dereva anapanda mlima na gari ambalo breki zake mtu hajazitazama tangu Krismasi, watu kumi na wawili nyuma, na kama jambo limetokea, anatafuta kilima chenye mtandao wa simu.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa Uvira wanalijua kuliko waandishi. Land Cruiser inayotupandisha si ile ya Dakar. Ya kwetu ni ya mfululizo wa 70, uliotoka mwaka 1984, na mara nyingi ina mashine ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, dizeli bila turbo. Ikipanda milima inapoteza pumzi, ni kweli, lakini fundi mwenye funguo na akili anaweza kuifungua chini ya mwembe. Land Cruiser 300 ina V6 yenye turbo mbili na kompyuta zinazosimamia kila kitu. Ipe dizeli chafu ya mapipa ya kando ya barabara uone. Na magari ya darasa hilo yanazidi kuwa ya kifahari: Land Rover imeingiza Defender kwa mwaka 2026, ikiwa na Stéphane Peterhansel, bingwa mwenye ushindi 14 wa Dakar kwa pikipiki na gari. Nafurahi kwamba darasa limepata heshima. Ila viwanda vikiendelea hivi, neno “gari la kawaida” litabaki kwenye karatasi tu, na mnunuzi wa Kivu atakuwa anatangaziwa ushindi wa gari ambalo garaji la Mulongwe haliwezi kulitibu.

Wengine wataniambia: wewe mwandishi, usalama kwanza, barabara baadaye. Naelewa hoja. Lakini ninyi mliowahi kukaa juu mnajua kwamba mahali pasipofika gari ndipo mwenye bunduki anapojisikia bwana. Na mtaro wa maji hauhitaji mkataba wa amani wa kutia saini nchi za nje. Unahitaji jembe, koleo na wakantonye wanaolipwa kwa wakati.

Pesa? Sheria ya mwaka 2008 ilianzisha FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, na kila anayenunua mafuta au kulipa peaji anauchangia. Mwanamotari wa Sange anauchangia. Mwenye Fuso inayotoka Kamanyola anauchangia. Kwa njia za mashambani kuna ofisi ya serikali inayohusika na barabara za kutoa mavuno vijijini. Swali langu kwa mamlaka za Kivu Kusini na za eneo la Uvira ni la hesabu tu: ni kilomita ngapi za njia za Rurambo zimewekewa mitaro na madaraja ya miti kwa pesa hiyo, na ni jeep ngapi zimenunuliwa katika muda huohuo? Shirika za kiraia zina haki ya kuomba majibu hayo kwa maandishi, na sisi waandishi tuna kazi ya kuyachapisha.

Na kwa mashirika, ombi ni moja. Mnapoleta gari la wagonjwa kwa kituo cha afya cha milimani, leteni pamoja nalo sanduku la spea na mwezi mmoja wa mafunzo kwa mafundi wawili wa hapa, sio wa Kinshasa. Wajapani wanachukua fundi wa garaji la mtaani kumpeleka jangwani kwa ajili ya kikombe. Sisi tunaomba apelekwe Rurambo kwa ajili ya mama wa kipoyi.

Mvua huku hurudi mwezi wa tisa au wa kumi. Kiangazi kinaanza mwezi wa sita. Kati ya hapo kuna miezi mitatu ambayo udongo wa milimani ni mkavu na jembe linaingia.