SHERIA ZIMEANDIKWA KWA AJILI YETU, MBONA HAZITUFIKII?



Mkononi tunashika Katiba ya nchi yetu, ile iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Fungueni ibara ya 142. Imeandikwa pale kwamba sheria ikisha kutangazwa na Rais, Serikali inapaswa kuieneza katika siku 60, kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha 4 za taifa. Ibara ya kwanza inazitaja lugha hizo: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Siku 60, ndugu, na kwa Kiswahili! Basi tunauliza: ni nani kati yenu, hapa Kalemie au kule Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu, aliyepata kuletewa na Serikali sheria moja tu kwa lugha anayosemea nyumbani kwake, kabla siku hizo hazijaisha? Sisi tunaoishi kwa kalamu hatujaiona bado.

Wako watakaojibu: hayo ni mambo ya Kinshasa, sisi tunatafuta unga. Wapendwa, unga wenyewe umo ndani ya sheria.

Chukueni Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Sisi makarani wa migodi tunaijua, maana namba zake ndizo tunazoziandika kutwa nzima. Shirika lenye haki ya kuchimba likiuza mali yake, linalipa ada, ile inayoitwa redevansi. Kwa madini kama bati ni 3.5 kwa mia ya thamani ya mali. Kisha ada ile inagawanywa: nusu inakwenda kwa Serikali kuu, 25 kwa mia kwa jimbo, 15 kwa mia kwa komini, sekta au usultani ambamo shimo limechimbwa, na 10 kwa mia kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hesabu yake hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Mali ikiwa ya dola 1,000,000, redevansi ni dola 35,000. Jimbo lipate 8,750. Usultani upate 5,250. Na sheria haisemi fedha hizo zipande ndege kwenda Kinshasa kwanza, ndipo zirudi zimekonda. Inasema fungu la jimbo liwekwe katika akaunti ya jimbo, na fungu la usultani katika akaunti ya usultani. Tena, mbali na redevansi, shirika linapaswa kutoa si chini ya 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyozunguka mgodi. Ni franka 3 katika kila franka 1,000. Ni kidogo, lakini ni deni, si sadaka.

Leo dunia nzima inataja litiamu ya Manono, mahali ambapo Géomines ilichimba bati miaka mingi ikaacha mashimo yaliyojaa maji. Mwanakijiji asiyejua zile 15 kwa mia atapewa mpira mmoja na jezi 11, naye atapiga makofi. Akizijua, atauliza akaunti iko benki gani na nani anatia sahihi. Ndiyo maana wapo wanaofurahi kuona sheria inakaa katika Kifaransa!

Wala msidhani jambo hili ni jipya katika mji wetu. Wazee waliokuwapo ulipoitwa Albertville wanajua. Mwaka 1960, Sheria ya Msingi ilitaka theluthi 2 za wajumbe wawemo barazani ndipo serikali ya jimbo la Katanga ichaguliwe. Bwana Jason Sendwe na wenzake wa Balubakat wakakataa kuingia, ili Conakat isije ikatawala peke yake. Katikati ya Juni, wiki 2 tu kabla ya uhuru, Bunge la Ubelgiji likabadilisha maneno yale. Conakat ikaunda serikali yake, na tarehe 11 Julai Bwana Tshombe akatangaza kujitenga. Vita vilivyofuata, na vijiji vilivyochomwa huku kaskazini, hatuna haja ya kuwasimulia. Kila jamaa ina makaburi yake. Maneno machache yalibadilishwa Brussels, na mkulima wa Nyunzu akalipa.

Na baada ya uhuru je? Katiba ya 2006 ilitaja Tanganyika kuwa jimbo, tena ikaweka muda: miezi 36 tangu vyombo vipya vya utawala kuanza kazi. Januari 2011 Katiba ikarekebishwa kwa haraka. Watu wengi walisikia habari moja tu, kwamba kura ya Rais haitakuwa tena na duru ya pili. Lakini katika marekebisho hayo hayo ile miezi 36 ilifutwa. Jimbo letu likangoja mpaka 2015. Ni wangapi hapa Kalemie walijua siku ile kwamba jimbo lao linasukumwa mbele bila tarehe? Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais alizungumza juu ya kuunda tume ya kuandaa Katiba nyingine. Mtu ataulizwaje kama anataka kubadilisha kitabu ambacho hajasomewa?

Sasa tuseme na Waheshimiwa wetu. Tarehe 20 Desemba 2023 watu wa komini za Lac, Lukuga na Kalemie walipiga kura kwa siku moja: Rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, na mshauri wa komini. Wabunge wa jimbo nao ndio wanaochagua liwali na maseneta. Kwa hiyo mama auzaye ndagala sokoni, kwa kura yake moja ya jimbo, aliweka mkono katika mambo 3. Je, amerudishiwa habari ya hata moja?

Mheshimiwa mmoja akiulizwa hukimbilia ibara ya 101, inayosema mbunge anawakilisha taifa zima na kwamba hawezi kufungwa na maagizo ya waliomchagua. Vema, tunaikubali, na inawahusu wabunge wa jimbo vilevile. Hatutaki kumwamuru apige kura namna gani. Tunataka aje atuambie alipiga namna gani, na kwa sababu gani. Hakuna ibara inayompa ruhusa ya kunyamaza miaka 5.

Wala asiseme hana nafasi. Bunge la taifa linakaa tangu 15 Machi mpaka 15 Juni, na tangu 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Bunge la Jimbo tangu 30 Machi mpaka 30 Juni, na tangu 30 Septemba mpaka 30 Desemba. Zaidi ya hapo, isipokuwa kimeitwa kikao cha pekee, ni likizo, na likizo hiyo ni ya kurudi kwa watu. Andikeni tarehe hizi ukutani. Mbunge anayeonekana Kinshasa mwezi wa Agosti, mwulizeni anakaa kikao gani. Na mbunge wa jimbo ambaye baraza lake liko hapa hapa mjini hana hata kisingizio cha tiketi ya ndege.

Vyama navyo vina sehemu yao. Ibara ya 6 inavipa kazi ya kuwaelimisha raia. Chama kinachofungua mlango mwaka wa kura tu, kikagawa fulana na kikwembe chenye sura ya mtu, ni duka. Kadi ya chama si risiti ya bia.

Kwa hiyo tunawaomba wenye matawi waanze kazi, bila kungoja fedha kutoka juu. Kila kartie ina mwalimu mmoja anayejua Kifaransa na Kiswahili. Mwombeni saa moja Jumapili baada ya ibada. Asome sheria moja tu, polepole, watu waulize. Tuanze na hiyo ya madini, na huko Moba na pwani yote ya ziwa someni pamoja na wavuvi, kwenye mialo, wakati wanapongoja upepo utulie. Asiyejua kusoma asiketi nyuma. Maswali yaandikwe daftarini, na daftari liletwe.

Kikao cha 30 Septemba ndicho cha bajeti ya jimbo. Kabla ya siku hiyo kila tawi limpelekee mbunge wake swali moja kwa maandishi: jimbo limepokea fedha gani katika zile 25 kwa mia, na zimeandikwa wapi katika bajeti? Majibu tutayachapa katika gazeti hili kama yalivyo, chini ya jina la kila Mheshimiwa. Asiyejibu, jina lake litachapwa pia, na chini yake patakuwa wazi.