Shule Mbili za Meno, Mji Mmoja

Kutoka Mulago hadi Mengo, mjini Kampala, ni mwendo mfupi wa boda boda. Kwa familia inayokaa Naviundu, huku kwetu komini ya Annexe, Lubumbashi, kuchagua kati ya hospitali hizo mbili ni jambo linaloweza kuuzisha kiwanja. Mulago ndiko wanakofundishwa madaktari wa meno wa Chuo Kikuu cha Makerere tangu mwaka 1982. Mengo ni hospitali ya misheni, ambako Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, chuo cha Kanisa la Anglikana, kilianza kufundisha udaktari na udaktari wa meno mwaka 2018. Miaka ni mitano huku na kule, lugha ni Kiingereza, na wahitimu wa pande zote mbili huomba kuandikishwa na baraza lile lile la madaktari na madaktari wa meno la Uganda.

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, swali hili limesogea karibu na milango yetu. Kijana wa hapa aliyesoma Kemia-Biolojia, akapata diploma ya Leta na kutaka kuwa munganga wa meno nje ya jimbo, alizoea kuitazama Kinshasa, ambayo kwa ndege ni zaidi ya kilomita 1,500 na kwa barabara ni mateso, au kuvuka Kasumbalesa na kuingia Zambia. Sasa Kampala nayo imo katika hesabu. Na akishafika Kampala, anakuta si mlango mmoja.

Wengi wetu tukiwa mbele ya milango miwili huuliza mambo mawili tu: chuo kipi kina jina, na minevali, yaani ada, ni kiasi gani. Makerere inashinda kwa jina bila mashindano. Ilianza mwaka 1922, na shule yake ya udaktari ikafuata miaka miwili baadaye. Minevali nayo hubadilika kila mwaka, na mgeni halipi sawa na mwenyeji. Lakini jina halizibi jino, na bei ya masomo haimwambii mzazi mwanawe atatoka na mikono ya namna gani. Nadhani swali la kwanza ni hili: je, kabla ya kupewa shahada, mtoto huyu ataingiza mikono katika vinywa vingapi, na nani atakuwa amesimama nyuma ya bega lake?

Udaktari wa meno hautofautiani sana na udaktari wa mwili mzima katika miaka yake ya mwanzo. Wanafunzi husoma maumbile ya mwili, kemia ya uhai, magonjwa na dawa. Kisha huja kipindi cha kuchonga meno ya plastiki yaliyopachikwa kwenye kichwa cha mfano, ambapo mkono unajifunza kukaa mahali pembamba bila kutetemeka. Hadi hapo chuo chenye vitabu vizuri na maabara safi kinaweza kumtosha mtu. Mambo hugeuka pale mgonjwa anapofungua kinywa. Ganzi inayokataa kushika kwenye gego la chini, mzizi uliokatikia ndani ya mfupa, mtoto wa miaka minne anayelia na kuuma kidole cha daktari, mama mwenye kisukari ambaye fizi zake zinavuja damu kila zikiguswa: haya hayafundishiki ubaoni. Yanahitaji kiti cha matibabu, mashine inayofanya kazi, mgonjwa aliyekubali kuhudumiwa na mwanafunzi, na mkufunzi mwenye muda wa kusema, ‘Ngoja, ondoa koleo, anza tena.’ Kimoja kikikosekana, mwanafunzi anabaki mtazamaji, na anayetazama tu kwa miaka mitano huja kujifunzia kazi kwenye taya la mgonjwa wake wa kwanza.

Kwetu hatari hiyo ni kubwa kuliko Ulaya. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba kanda yake ya Afrika ina madaktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, yaani daktari mmoja kwa watu wapatao 30,000. Wastani wa dunia ni karibu mara kumi ya huo. Mhitimu wa Brussels akishindwa na mzizi, anampigia mwenzake wa jengo la pili. Mhitimu atakayerudi kufungua chumba cha meno Naviundu, au zaidi sana akipangiwa kijiji cha barabara ya Kasenga, atakuwa peke yake na mgonjwa wake. Aliyokwisha kuyafanya chuoni ndiyo yatakayokuwa msaada wake.

Kwa kipimo hicho, Mulago ina uzito ambao ni vigumu kuuondoa kwenye mizani. Ni hospitali ya rufaa ya taifa, na magonjwa yaliyoshindikana wilayani huishia pale. Ndipo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, alipoitwa mwaka 1957 kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya saratani ile ambayo leo inabeba jina lake. Hujitokeza zaidi katika ukanda wa malaria, na Kongo imo ndani ya ukanda huo. Mara nyingi dalili ya mwanzo ni meno ya mtoto kulegea bila sababu, na mtu wa kwanza kuonyeshwa meno yaliyolegea ni daktari wa meno. Aliyewahi kuona taya la namna hiyo akiwa mwanafunzi atampeleka mtoto hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Asiyewahi atang'oa meno, atatoa dawa ya usaha na kumwambia mama arudi baada ya juma moja, na kwa saratani inayokua haraka kiasi kile, juma moja ni muda mrefu mno.

Kuna pia jambo ambalo Waganda huliita ebinyo. Mtoto mchanga anapata homa na kuharisha, fizi zinaonekana zimevimba, na mganga wa kienyeji anazichimba kutoa vichipukizi vya meno ya chonge akidai ndivyo chanzo cha ugonjwa. Tanzania mambo kama hayo yamejulikana kwa jina la meno ya plastiki au meno ya nailoni. Kifaa huwa hakijachemshwa, mtoto anaweza kufa kwa damu au kwa maambukizi, na akipona huenda chonge zake za ukubwani zikaota vibaya au zisiote kabisa. Hakuna kitabu cha Paris kitakachomwandaa daktari kuzungumza na bibi aliyempeleka mjukuu wake kwa mganga huyo. Kampala mwanafunzi anaweza kukutana na kovu lenyewe, na bibi mwenyewe. Kwa hili shule zote mbili zinaizidi shule yoyote ya mbali, hata yenye vyumba vinavyong'aa.

Mengo nayo si ya kupuuzwa, na wanaoiita shule changa wanasahau umri wa hospitali. Albert Cook, mmisionari wa Kianglikana, aliianzisha mwaka 1897, na ni Cook huyo huyo ambaye kazi yake ilizaa Mulago miaka kumi na sita baadaye. Huduma ya meno ya Mengo inafahamika mjini kote. Ila hospitali ya misheni huishi kwa malipo ya wagonjwa, na hapo kuna swali ambalo mzazi anapaswa kuliuliza bila haya: mtu aliyetoa fedha yake mfukoni atakubali mwanafunzi ndiye ashike koleo? Katika hospitali ya serikali maskini hukubali kwa kuwa hana pengine pa kwenda, jambo ambalo nalo linaniuma, kwa sababu fundi hapaswi kuzaliwa kwa kuwaumiza wanyonge. Hospitali inayolipisha inaweza kulitatua kwa kupunguza bei kwenye viti vya wanafunzi na kumweka mkufunzi kila kiti. Palipo na mpango wa namna hiyo, pengine mwanafunzi atafundishwa kwa uangalifu kuliko mahali penye foleni ndefu na mkufunzi mmoja aliyezidiwa.

Jambo lingine ni kalenda. Sisi Wakongo tunaijua sana miaka ya masomo inayovutwa, mwaka mmoja ukachukua miezi kumi na minane huku kijana akizeeka nyumbani. Tusidhani kwamba Uganda imeepukana nayo kabisa. Mwezi wa Novemba 2016 Rais Museveni aliamuru Makerere ifungwe baada ya mgomo wa wahadhiri kudai malipo yao, ikafunguliwa Januari 2017. Mwaka 2020 janga la Covid lilifunga vyuo vyote, vya serikali na vya binafsi. Kwa mwanafunzi wa sheria, miezi miwili ni kurasa ambazo hazijasomwa. Kwa mwanafunzi wa meno ni wagonjwa ambao hakuwahudumia, na hawafidiwi kwa kusoma usiku. Chuo cha kanisa hakina mgomo wa serikali, na familia inayotuma dola kutoka Lubumbashi, ikilipa kodi ya chumba na chakula mwezi baada ya mwezi, ina haki ya kuuweka utulivu huo kwenye hesabu yake. Minevali nafuu yenye mwaka mmoja wa ziada inaweza kugharimu kuliko minevali kubwa inayokwisha kwa wakati.

Halafu lugha. Mtoto wetu amesoma fizikia na kemia kwa Kifaransa tangu sekondari. Akiingizwa moja kwa moja kwenye darasa la maumbile ya mwili kwa Kiingereza, mwaka wa kwanza utamvunja, hata awe na akili ya namna gani. Miezi ya kujifunza Kiingereza kabla ya chuo ihesabiwe kama sehemu ya masomo na iwekewe fedha yake. Akirudi atahitaji usawa wa diploma kutoka wizara ya elimu ya juu Kinshasa, hata kama wakuu wa Jumuiya walitangaza mwaka 2017 kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo la wakuu na muhuri wa Kinshasa ni vitu viwili.

Nikilazimishwa kuchagua leo kwa ajili ya kijana atakayerudi kufanya kazi hapa, ningechagua Mulago. Wingi na ugumu wa magonjwa yake unanishawishi, na pia kwamba waliohitimu Makerere kwa miongo minne sasa ndio waliosambaa hospitalini Uganda nzima. Mhitimu mpya anakuta ndugu wa taaluma wa kumuuliza. Lakini uchaguzi huo ningeugeuza mara moja kama Mengo ingenionyesha daftari la mwanafunzi wa mwaka wa mwisho lililojaa kazi zilizotiwa saini, na Mulago ikanionyesha la nusu. Ningeuliza pia kama wanafundisha kuziba jino kwa vifaa vya mkono pekee, bila umeme, njia iliyoanza Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Dawa ya kuzibia inayotumika kwa njia hiyo iliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Anayeishi Naviundu, akijua SNEL inavyokata umeme, haoni hilo kama somo la pembeni.

Tatizo ni kwamba daftari hilo mzazi haonyeshwi. Anaonyeshwa picha ya jengo na jedwali la ada. Hapa jambo linatoka mikononi mwa familia na kuwa la umma. Mabaraza ya madaktari ya nchi za Jumuiya yamekuwa yakikagua shule za udaktari na za meno kwa pamoja. Wanahesabu viti, wanahesabu wakufunzi, wanatazama wagonjwa. Ripoti hizo zinapaswa kuwekwa hadharani kabla ya muhula wa kuandikisha, na Kongo, ikiwa mwanachama kamili, inapaswa kuwa na watu wake katika kila ukaguzi. Chuo kinachokataa kutaja idadi ya wanafunzi kwa kila kiti kinataka tununue gizani.

Fedha nazo hazina budi kutazamwa upya. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zilizo karibu na migodi. Lubumbashi imezungukwa na migodi na viwanda vya shaba na kobalti, na fedha hizo mara nyingi huonekana kwa sura ya madarasa na visima. Sina ugomvi na kisima. Lakini kituo cha afya kinaweza kujengwa kwa miezi sita kikakaa bila munganga wa meno kwa miaka ishirini. Kamati zinazogawa fedha hizo zingeweza kulipia vijana wachache wa Annexe na Ruashi kila mwaka, kwa mkataba wa kurudi na kuhudumu hapa miaka mitano, na kununua kiti na mashine zitakazowasubiri. Zingekuwa pia na nguvu ambayo mzazi mmoja hana: chuo kinachotaka wanafunzi kumi wanaolipiwa kingefungua daftari lake siku hiyo hiyo kinapoulizwa.