Mgongo Haujasagika: Utafiti wa Fiziotherapia na Deni la Wasomi wa Kiswahili

Imezoeleka katika vyuo vikuu vya Kenya kwamba utafiti wa tiba ni shamba la watu wa tiba, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili akialikwa humo huwa amealikwa kutafuta visawe. Huletewa orodha ya maneno ya Kiingereza, akayapa maneno ya Kiswahili, orodha ikachapishwa, kila mmoja akarejea kwake. Huenda utaratibu huo ukafaa katika taaluma ambazo mgonjwa hahitaji kusema wala kuambiwa mengi. Katika fiziotherapia haufai hata kidogo. Daktari wa upasuaji aweza kumtibu mtu aliyelazwa usingizi kwa dawa. Mtaalamu wa fiziotherapia, ukiondoa kazi yake katika chumba cha wagonjwa mahututi, hutibu mtu aliye macho, anayesikia na kujibu. Humwelekeza namna ya kuinuka, humtuliza hofu, humwambia ni maumivu yapi ayavumilie na ni yapi yamsimamishe. Sehemu kubwa ya tiba hii ni maneno. Maadamu hali ni hiyo, utafiti ukibadilika na maneno yakabaki yalivyokuwa, mgonjwa huendelea kupewa tiba ya zamani na mtu aliyesoma mambo mapya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni maumivu ya kiuno na mgongo. Kwa miongo mingi, mwenye mgongo unaouma aliamriwa kulala. Mnamo mwaka 1986, Richard Deyo na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 203 ambao baadhi yao walishauriwa kulala siku mbili na wengine siku saba. Walioambiwa siku mbili walikosa kazi kwa siku chache zaidi, na hawakupata hasara yoyote katika kupona. Mwaka 1995 Antti Malmivaara na wenzake walilipima suala hilo miongoni mwa wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki, Finland: kundi moja lililala siku mbili, la pili likapewa mazoezi ya mgongo, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli za kila siku kadiri maumivu yatakavyoruhusu. Waliopona vizuri zaidi ni hao wa tatu. Hata godoro gumu, ambalo lingali likisifiwa kama dawa, lilipimwa nchini Uhispania kwa wagonjwa 313. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yaliliweka nyuma ya godoro la ugumu wa wastani. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa mfululizo mzima wa makala kuhusu maumivu ya kiuno, likalalamika kwamba duniani kote wagonjwa bado wanapewa picha, dawa na mapumziko ambayo ushahidi hauyaungi mkono.

Hayo yote yamo katika majarida, na mtaalamu wa fiziotherapia aliyehitimu karibuni nchini Kenya anayafahamu. Alipokuwa chuoni alifundishwa kwa Kiingereza, akafanya mtihani kwa Kiingereza, na semina anazohudhuria ili kuhuisha ujuzi wake huendeshwa kwa Kiingereza. Kisha huingia mgonjwa, na mazungumzo huhamia Kiswahili. Hapo ndipo msamiati wa zamani hurudi bila kubishiwa hodi: "Mama, pingili zako zimesagika." Kwa kauli hiyo fupi utafiti wa miaka thelathini umekwisha kutenguliwa. Kitu kilichosagika ni unga, na hakuna aliyewahi kuona unga ukirudi kuwa mahindi. Mama huyo atakwenda nyumbani akiwa na uti wa mgongo wa unga, ataogopa kuinama, ataogopa kubeba mjukuu, na kila siku asiyotembea itamwongezea udhaifu.

Ajabu ni kwamba neno hilo si katili tu, bali pia halisemi kweli. Mwaka 2015 Waleed Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti zilizopiga picha migongo ya watu 3110 wasiokuwa na maumivu yoyote. Dalili za kuchakaa kwa visahani vya gegedu vilivyo baina ya pingili zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Yaani ni jambo la umri, kama mvi. Mtaalamu akisema "mgongo wako una mvi zake, na mvi haziumi", amesema jambo lililo karibu zaidi na ushahidi, na amelisema kwa Kiswahili ambacho bibi yeyote atakielewa. Katika chumba cha tiba, hiyo ni tamathali yenye kazi ya kufanya.

Tatizo huwa gumu zaidi pale utafiti unapotoa jibu lenye masharti. Mathalani, kwa muda mrefu iliaminika kuwa mgonjwa wa kiharusi akiinuliwa kitandani haraka na kwa wingi ndivyo atakavyopona vizuri. Jaribio liitwalo AVERT, lililochapishwa mwaka 2015, liliwahusisha wagonjwa 2104 katika hospitali 56 za nchi tano. Kundi lililoanza kuinuliwa ndani ya saa 24, kwa vipindi vingi na virefu, lilipata matokeo mazuri kwa asilimia 46 baada ya miezi mitatu. Kundi la huduma ya kawaida lilipata asilimia 50. Tathmini ya data hizo iliyofuata mwaka 2016 ikaonyesha kuwa vipindi vifupi vya mara kwa mara vina heri kuliko vipindi virefu. Basi ushauri si "asiinuke", wala si "ainuke sana". Ni kiasi kilicho katikati, nacho chahitaji lugha iliyopimwa.

Sasa achukuliwe mtaalamu anayeiambia familia, "Mwinueni mapema." Neno "mapema" lina maana mbili za kila siku: kabla ya muda mrefu kupita, na asubuhi na mapema. Familia yaweza kabisa kumwamsha mzee alfajiri, ikamkalisha saa mbili mfululizo, ikaamini imetii. Akisema, "Mwinueni kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na kila mara mumrudishe kabla hajachoka," ametumia maneno mengi zaidi, lakini ameufikisha utafiti ulipokusudiwa. Takriri ya "kidogo kidogo" inabeba dhana ya kipimo ambayo waandishi wa makala ya 2016 waliihitaji majedwali kuieleza.

Yapo pia majina ya magonjwa yenyewe. Neno "baridi yabisi" limesheheni nadharia ya tiba. "Yabisi" ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kavu au gumu; baridi na ukavu ni miongoni mwa sifa nne za tiba ya kale ya Kiyunani ambayo waganga wa Kiislamu waliirithi na kuiendeleza. Hapana ubaya neno kuwa na historia. Ubaya ni kwamba jina hili, katika matumizi ya kawaida, hufunika kwa pamoja goti lililochakaa kwa umri na ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, ilhali tiba zake zinatofautiana sana. Isitoshe, jina humwambia mgonjwa kuwa adui ni baridi. Naye hujifunika shali, hukaa, husubiri jua. Mtaalamu anayetaka kumpa mazoezi analazimika kwanza kushindana na jina la ugonjwa.

Na hata hayo mazoezi hayabaki mahali pamoja. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyojumuisha majaribio 54, yalieleza kwa uhakika kuwa mazoezi hupunguza maumivu ya goti lililochakaa. Mapitio hayo yalipohuishwa mwaka 2024, majaribio yalikuwa yamepita 130, na kauli ilikuwa imepunguzwa makali: manufaa yapo, ila kwa wengine huenda yakawa madogo kuliko ilivyodhaniwa. Mtaalamu mwaminifu atawezaje kulisema hili kwa Kiswahili bila mgonjwa kuelewa kwamba mazoezi ni bure? Lugha ina "huenda", ina "aghalabu", ina "-nge-" na "-ngali-". Ina zana tele za kupima uhakika. Lakini wanaozichambua zana hizo darasani, katika mihadhara ya sintaksia na semantiki, hawajawahi kuulizwa zingetumikaje hospitalini, wala wao hawajajipeleka.

Eneo ambalo mchango wa wasomi wa Kiswahili ungekuwa mkubwa zaidi ni upimaji wa maumivu. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alitoa hojaji yenye maneno 78 ya maumivu yaliyopangwa katika makundi 20, nayo imetafsiriwa katika lugha nyingi. Mengi ya maneno hayo ni vivumishi. Mfasiri anayeyafuata neno kwa neno hujikuta akiunda virai vya ajabu kama "maumivu ya kupigapiga" na "maumivu ya kisu". Mswahili hasemi hivyo. Kwake yeye kiungo ndicho mtenda, na maumivu ni kitenzi: kichwa kinawanga, jipu linapwita, kidonda kinachonyota, nyayo zinawaka moto, mkono umekufa ganzi, mguu unatembewa na sisimizi. Mtaalamu wa fiziotherapia akisikia ganzi na sisimizi hufikiria neva. Akisikia kupwita hufikiria uvimbe. Taarifa ya uchunguzi imo tayari katika kitenzi alichochagua mgonjwa. Hojaji ya Kiswahili yapaswa kuanzia hapo.

Lakini kitenzi cha kamusi hakitoshi. "Keketa" kamusini ni pamoja na maumivu ya tumbo yanayokatakata. Nchini Kenya leo, kwa sababu ya kampeni za miaka mingi dhidi ya ukeketaji, mwanamke akiulizwa kama anakeketwa atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Orodha iliyotungwa mezani haiwezi kuliona hilo. Upande wa pili, kuna maumbo ambayo wanasarufi huyafuta kwa wino mwekundu na ambayo mgonjwa huyatumia kwa usahihi mkubwa. Mtaalamu hutaka kujua kama maumivu yapo sasa au huja na kwenda. Kiswahili sanifu kina "unaniuma" na "huniuma". Mgonjwa wa Nairobi atasema "unaniumanga usiku". Hiyo "-anga" ni dalili ya mazoea, nayo ndiyo jibu la swali. Mhadhiri atakayemfundisha mtaalamu kuidharau atakuwa amemnyima ushahidi kwa jina la usanifu.

Wapo watakaopinga kwamba mtaalamu wa fiziotherapia ni Mkenya, amezaliwa akisikia Kiswahili, na hahitaji mtu wa fasihi kumfundisha kuzungumza. Hoja hii ina uzito, na yapasa ikubaliwe kwa nusu. Kuzungumza anajua. Alichokosa ni nafasi ya kuufikiria utafiti kwa lugha hiyo kabla ya kukutana na mgonjwa, na hakuna mtu, awe na kipaji cha namna gani, anayetafsiri vizuri matokeo yenye masharti papo kwa papo huku foleni ikiwa imefika mlangoni. Wengine watasema kuwa mgonjwa wa Siaya au Murang'a huenda akahitaji Kidholuo au Kikuyu. Ni kweli. Kazi ikifanywa vizuri kwa Kiswahili, itakuwa rahisi kuifanya kwa lugha hizo. Isipofanywa kwa lugha rasmi iliyotajwa katika Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010, ni nani atakayeifanya kwa zile nyingine?

Si haki kulaumu ukosefu wa majarida pekee. Hazina ya PEDro, iliyoanzishwa Sydney mwaka 1999, hutoa bila malipo orodha na muhtasari wa makumi ya maelfu ya majaribio na mapitio ya fiziotherapia. Mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani umekuwepo tangu mwaka 2002. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2014 iliunda Baraza la kuisimamia taaluma yenyewe. Njia kutoka kwa mtafiti hadi kwa mtaalamu, pamoja na mashimo yake, ipo. Njia kutoka kwa mtaalamu hadi kwa mgonjwa haijachongwa.

Kuichonga hakuhitaji mradi wa mamilioni. Kila mwaka wanafunzi wa uzamili katika idara za Kiswahili hutafuta mada za tasnifu, na kila mwaka riwaya zilezile huhakikiwa kwa nadharia zilezile hadi wahusika wake, lau wangekuwa na uhai, wangeomba likizo. Wanafunzi watatu au wanne wa tafsiri na isimujamii wakielekezwa katika kliniki za fiziotherapia, kwa kibali cha kamati za maadili na kwa idhini ya wagonjwa, wangekusanya Kiswahili cha maumivu jinsi kinavyosemwa Kisumu, Mombasa na Eldoret. Wangekaa na wataalamu kuandaa muhtasari wa ukurasa mmoja wa kila mapitio makubwa yanayotoka, kisha wafanye tafsiri rejeshi, na baada ya hapo wamwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wafasiri wengi huiruka, nayo ndiyo ingegundua lile "mapema" la alfajiri.

Neno la kwanza la kufanyiwa kazi laweza kuwa "mazoezi" lenyewe. Mwanamke anayeteka maji mtoni na kulima tangu asubuhi akiambiwa afanye mazoezi hujibu kwamba anayafanya ya kutosha, na kijana husikia habari za mpira na kuruka kamba, ilhali mtaalamu alikusudia kunyoosha goti mara kumi akiwa ameketi kitini. Wengine huja wakitarajia kukandwa, na wakipewa mazoezi huondoka wakiona wamepunjwa. Karatasi ya kwanza nayo iwe ya mgongo: ukurasa mmoja, herufi kubwa, ushauri wa kuendelea na shughuli, na dalili tatu au nne za hatari za kumrudisha mtu hospitalini upesi, kama vile kushindwa kuzuia mkojo, au ganzi ya sehemu za siri na mapaja kwa ndani. Neno "kusagika" lisiwemo.